Kuyaelewa Yasiyoandikwa: Mwanafunzi wa Isiolo na Ufahamu wa Kiingereza Chuoni

Utangulizi

Katika muhula wangu wa kwanza chuoni, mhadhiri wa somo la stadi za mawasiliano alitugawia kurasa tatu kutoka katika kitabu Born Free cha Joy Adamson. Tulitakiwa kuzisoma, kisha kueleza kwa aya moja hisia za mwandishi anapomwacha porini simba jike aliyemlea tangu akiwa mchanga. Nilizisoma mara mbili. Hapakuwa na neno hata moja lililonitatiza. Nikaandika kwa ujasiri kwamba mwandishi alishusha pumzi kwa kuwa mnyama hatari alikuwa ameondoka nyumbani, na kwamba sasa mbuzi wa majirani wangepata kulala. Karatasi iliporudi nilikuwa nimepewa alama mbili kati ya kumi, na kando yake pameandikwa kwa wino mwekundu kwamba sikuifahamu matini. Mhadhiri alilisoma jibu langu mbele ya darasa bila kutaja jina, na ukumbi ukaangua kicheko. Nami nilicheka, ili nisijulikane.

Kicheko kilipita. Lililobaki moyoni ni kwamba simba huyo, Elsa, alilelewa Isiolo, nje kidogo ya mji niliozaliwa. Katika ukumbi ule wa watu zaidi ya mia, yamkini mimi pekee ndiye niliyetoka mahali kisa chenyewe kilipotokea, na mimi ndiye niliyeonekana sikukielewa.

Makala hii inanuia kulitazama tukio hilo kwa jicho la taaluma. Mwanafunzi anayeijua sarufi ya Kiingereza na msamiati wake hukwamishwa na nini afikapo chuo kikuu, na afanye nini ili akwamuke? Nitashikilia kwamba kinachokosekana aghalabu ni maarifa ambayo mwandishi ameyaacha nje ya maandishi kwa kudhani kwamba msomaji wake anayo tayari. Kwamba maarifa hayo yanaweza kutafutwa kwa utaratibu kama mtu atafutavyo msamiati. Na kwamba mwanafunzi aliyekulia mahali kama Isiolo ana uzoefu mkubwa wa kazi hiyo, ingawa hakuna aliyepata kumwambia.

Huenda msomaji akashangaa Kiingereza kimefuata nini katika jarida la Kiswahili. Jibu limo katika maktaba zetu. Sarufi ya Ashton ya mwaka 1944, ambayo vizazi kadhaa vya wanaisimu wa Kiswahili vimeirejelea, iliandikwa kwa Kiingereza. Historia ya kukua kwa Kiswahili aliyoiandika Whiteley mwaka 1969 imo katika lugha hiyo hiyo. Saussure tunamsoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Chomsky na Hymes kwa Kiingereza chao wenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya asiyekifahamu Kiingereza cha ngazi ya juu hulazimika kuipokea nadharia kupitia madokezo ya mhadhiri, na anaponukuu hunukuu asichokielewa. Nimewahi kufanya hivyo, na sidhani kwamba niko peke yangu.

Mtoto wa Isiolo na lugha zake

Mji wa Isiolo uko karibu kabisa na ikweta, mahali ambapo miteremko ya Meru inakoma na nchi kame ya kaskazini inaanza. Wakaazi wake ni Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo. Baadhi ya Wasomali wa mji huo ni vizazi vya askari waliopewa makazi hapo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kwa muda mrefu lami kutoka Nairobi ilikomea Isiolo, na aliyetaka kuendelea hadi Marsabit na Moyale alipita kwenye kizuizi cha polisi na kuingia katika barabara ya vumbi. Lami ilifika Moyale katika muongo wa 2010. Hata hivyo, wazee wetu wangali wanamwambia anayesafiri kwenda Nairobi kwamba anakwenda Kenya, kana kwamba hapo aliposimama si Kenya.

Katika mji wa namna hiyo Kiswahili ndicho daraja. Mama yangu huuza maziwa ya ngamia sokoni. Hajapata kuketi darasani, lakini hununua kwa Kisomali na Kiborana, huuza kwa Kiswahili, na anapotaniana na wachuuzi wa mboga hutia Kimeru cha kutosha kuwachekesha. Muhimu zaidi ni yale anayoyajua zaidi ya maneno. Anajua kwamba Mborana haulizwi bei kabla hamjaulizana amani. Anajua kwamba mfugaji haulizwi ana mifugo mingapi, na kwamba mgeni anayeuliza hivyo, hata akiuliza kwa sarufi safi, amekwisha kuharibu. Hymes aliuita ujuzi huo umilisi wa mawasiliano, nasi tumelikariri jina hilo kwa ajili ya mitihani. Wengi wetu tuliwaona mama zetu wakiutumia kila siku kabla ya kulisikia jina lake.

Kiingereza kilitufikia kwa njia nyingine. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza lugha ya eneo la shule itangulie katika madarasa matatu ya mwanzo. Vyovyote iwavyo, kwa mtoto wa Merti au Garba Tulla Kiingereza huwa lugha ya tatu, pengine ya nne, na hukutana nacho darasani tu, ndani ya kitabu na ndani ya karatasi ya mtihani. Hajamwona mtu akikitumia kumbembeleza mtoto, kufanya mzaha au kuomba radhi. Anafundishwa lugha isiyokaliwa na watu. Shule ya upili inaweza kuvumilia hali hiyo, maana maswali yake mengi ya ufahamu hujibiwa kwa kurudi kwenye aya husika na kuchopoa sentensi. Chuoni huwezi kuchopoa.

Yaliyokuwa nje ya ukurasa

Turejee kwa Elsa. George Adamson, mume wa mwandishi, alikuwa afisa wa wanyamapori wa Mkoa wa Mpakani Kaskazini, na makao yake yalikuwa Isiolo. Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam huko Uholanzi. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akabaki kwa akina Adamson. Baada ya kumlea, walimfunza kuwinda ili aweze kurudi porini, na hatimaye wakamwachilia katika eneo ambalo leo ni Mbuga ya Taifa ya Meru. Kitabu kilitoka mwaka 1960 na kusomwa na mamilioni. Filamu ikafuata mwaka 1966.

Sasa mtazame msomaji ambaye mwandishi alimwandikia. Huyo ni Mwingereza wa mwaka 1960. Katika nchi yake simba huonekana katika bustani za wanyama au katika nembo za kifalme. Mbwa wake hulala ndani ya nyumba na ana jina. Uingereza ni nchi ambayo chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama kiliundwa mwaka 1824, miaka 60 kabla ya chama cha kuzuia ukatili dhidi ya watoto kuundwa London mwaka 1884. Msomaji huyo amekuzwa kwa vitabu vya watoto ambamo wanyama huzungumza, huvaa nguo na kunywa chai. Mwandishi anapoandika kwamba aliondoka akimwacha Elsa nyuma, hahitaji kueleza kwamba ni uchungu kama wa mzazi anayemwacha mtoto shule ya bweni. Msomaji wake amekwisha kuujaza uchungu huo mwenyewe.

Mimi nilijaza kitu kingine. Ami yangu hufuga mbuzi Kinna, mji ulio kando ya mbuga hiyo hiyo ya Meru. Kwetu simba ni usiku wa kukesha, moto mkubwa nje ya boma, na asubuhi ya kuhesabu waliobaki. Ninaposoma kwamba mtu amemlisha simba nyama ya mbuzi siku baada ya siku, akili yangu huenda kwa mbuzi. Sikukosea neno. Nilijaza nafasi zilizoachwa wazi kwa maarifa niliyokuwa nayo, kama kila msomaji afanyavyo, na maarifa hayo hayakuwa yale ambayo mwandishi aliyategemea.

Nakiri kwamba jibu langu halikuwa sahihi, kwa kuwa swali liliuliza hisia za mwandishi, nami nikamwandikia hisia za ami. Mhadhiri alikuwa na haki ya kuninyima alama. Maoni yake ndiyo yaliyopungukiwa. Kuniambia kwamba sikuifahamu matini kulinifanya nirudi kwenye kamusi, na katika kamusi hapakuwa na kitu cha kunisaidia. Nilipoteza muhula mzima nikikariri maneno magumu kutoka katika orodha, nikidhani kwamba ndiyo dawa.

Jina lenyewe la kitabu lina siri ambayo nilikuja kuijua baadaye sana. Limetokana na sura ya 22 ya Matendo ya Mitume katika Biblia. Mtume Paulo amefungwa, anakaribia kupigwa mijeledi, naye anadai haki yake ya uraia wa Roma. Jemadari anamwambia kwamba yeye mwenyewe aliununua uraia huo kwa fedha nyingi. Paulo anamjibu kwamba yeye alizaliwa nao. Kwa Mwingereza aliyesikia Biblia ya mwaka 1611 ikisomwa kanisani tangu utotoni, jina la kitabu kuhusu simba tayari lina mahakama ndani yake, lina mtu na haki isiyoweza kununuliwa. Mimi nilisoma madrasa. Hata wenzangu Wakristo waliosoma Biblia ya Kiswahili hawakulitambua, kwa sababu mwangwi hukaa katika maneno ya lugha fulani na hauvuki pamoja na maana.

Na hapa ndipo msomaji wa Isiolo anapoanza kuona kile ambacho msomaji wa London hakukiona. Eneo ambamo Elsa alilelewa lilikuwa wilaya zilizofungwa. Sheria za kikoloni, ile ya mwaka 1902 na ile ya mwaka 1934, ziliwawekea mipaka watu wa kaskazini: mgeni hakuingia bila kibali, na wenyeji walipangiwa wapi wachunge na wapi wasipite. Kitabu kinachosimulia uhuru wa kuzaliwa nao kiliandikwa katika nchi ambayo mfugaji wake hakuwa huru kuupeleka mfugo wake upande wa pili wa mto. Sidai kwamba mwandishi alikusudia kejeli hiyo. Nasema kwamba imo, na kwamba anayeweza kuiona ni yule aliye na maarifa ya pande zote mbili. Yeye ndiye ninayemwita msomaji wa ngazi ya juu.

Jambo moja la kando: Joy Adamson mwenyewe hakuzaliwa na Kiingereza. Alizaliwa mwaka 1910 katika iliyokuwa himaya ya Austria, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kijerumani. Nilipolijua hilo nilitamani kurudi katika ule ukumbi.

Wasemavyo wataalamu

Suala la msamiati lisipuuzwe. Paul Nation, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, alikadiria kwamba ili msomaji azijue 98 kati ya kila kalima 100 za matini ya kawaida ya Kiingereza, anahitaji kati ya familia 8,000 na 9,000 za maneno. Anayejua pungufu ya hapo atakwama katika kila mstari, na kumhubiria utamaduni ni kumpotezea wakati. Lakini mwanafunzi anayefika chuoni akiwa na alama nzuri ya Kiingereza hukwama kwa sababu nyingine pia.

Wanasaikolojia hutumia istilahi ya skima kwa maana ya mifumo ya maarifa ambayo msomaji huyapanga ndani yake yale anayoyasoma. Bartlett wa Cambridge aliliona hilo katika kitabu chake cha mwaka 1932. Aliwapa Waingereza wasomi hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya baada ya muda. Mitumbwi iligeuka mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na mambo ya mizimu ambayo hawakuyaelewa yakaachwa au yakasawazishwa. Hapakuwa na aliyewaambia kwamba hawajui Kiingereza. Hadithi walipewa kwa Kiingereza, lugha ya mama zao, na bado iliwaponyoka.

Mwaka 1988 Recht na Leslie walichapisha uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wanafunzi 64, waliosoma habari za mchezo wa besiboli. Waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaujua mchezo huo waliifahamu matini kuliko wasomaji hodari wasioujua. Matokeo hayo yangepaswa kubandikwa katika mlango wa kila idara ya lugha. Mwanafunzi hodari wa Isiolo akipewa habari ya kriketi ataonekana mjinga. Mwanafunzi hodari wa Nairobi akipewa habari ya ngamia aliyekataa kunyonyesha ataonekana vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba habari ya ngamia haiji katika mtihani.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa Laura Bohannan, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wativ wa Nigeria, ambaye makala yake ilitoka mwaka 1966. Aliwasimulia wazee kisa cha Hamlet akiamini kwamba binadamu wote wangekielewa kwa namna moja. Wazee walimkatiza kila hatua. Kwamba ndugu wa marehemu alimwoa mjane upesi, waliona ni jambo jema. Nani angemlimia shamba? Kwamba mfu alitembea na kusema, walikataa kabisa. Huo ni uchawi. Mwishowe wakamwambia kwa upole kwamba hadithi yake ni nzuri, ila wazee wa kwao hawakumfundisha vizuri maana yake. Msomaji anayetoka katika jamii inayojua desturi ya kumrithi mjane, na ziko kwetu kaskazini, atakisoma kisa cha Hamlet kama wazee wale mpaka aambiwe kwamba katika Uingereza ya Shakespeare kumwoa mke wa ndugu kulihesabiwa kuwa haramu. Likishajulikana hilo moja, nusu ya tamthilia hufunguka.

Kwamba majira nayo ni utamaduni

Kuna maarifa madogo ambayo hakuna anayeyafundisha kwa kuwa kila mtu anadhani yanajulikana. Chukua majira ya mwaka. Soneti ya 18 ya Shakespeare inamlinganisha mpendwa na siku ya kiangazi. Kwa Mborana mwaka una ganna, mvua ndefu zinazoleta maziwa na harusi, na una bona, ukame. Ukimwambia binti wa Merti kwamba amefanana na siku ya jua kali, umemwambia kwamba amefanana na mizoga ya ng'ombe.

Wengine hudhani inatosha kumweleza mwanafunzi kwamba Uingereza ni baridi, kwa hiyo jua hupendwa. Haitoshi. Sisi wa ikweta tunapata saa 12 za mchana mwaka mzima, na hatujui nchi ambayo nuru yenyewe hupungua na kuongezeka. London mwezi Desemba mchana hauzidi sana saa 8. Mwezi Juni hupita saa 16. Kiangazi cha mshairi ni wingi wa nuru, na hofu yake ni kwamba nuru hiyo itaondoka. Mwanafunzi akishapewa takwimu hizo mbili, ambazo ni za jiografia wala si za fasihi, hahitaji tena madokezo ya kueleza kwamba shairi linahusu kupita kwa wakati. Atalifikia mwenyewe.

Kuna pia Kiingereza cha adabu, ambacho kimewaponza wengi. Mhadhiri aliyezoea mila za kitaaluma za Uingereza anaweza kuandika kando ya insha kwamba hoja yako inavutia, na kwamba huenda ungependa kuifikiria tena. Nilifurahi sana nilipoandikiwa hivyo mara ya kwanza, na sikubadilisha chochote. Maana yake ilikuwa: umekosea, rekebisha. Mtu wa pwani aliyezoea mafumbo pengine angelielewa mapema kuliko mimi. Sisi wa kaskazini tukitaka kumwambia mtu amekosea, humwambia.

Kazi ya tafsiri

Nitaeleza sasa njia zilizonisaidia. Sidai kwamba ndizo pekee.

Iliyo kubwa ni tafsiri. Mwanafunzi wa Kiswahili ana karakana ambayo mwanafunzi wa Kiingereza peke yake hana. Mtu anaweza kusoma aya na kujidanganya kwamba ameielewa; hawezi kuitafsiri na kujidanganya, kwa maana kila nafasi tupu itamdai neno. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, ikatoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969, mwaka ambao pia ilitoka Mabepari wa Venisi. Tuchunguze jina hili la pili. Jina la Kiingereza lina mfanyabiashara mmoja, na neno lake halina lawama. Nyerere angeweza kuandika mfanyabiashara, au tajiri. Aliandika mabepari, kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Wapo wanaoona kwamba aliipotosha tamthilia kwa siasa. Mimi naona kwamba aliisoma kwa undani: aliona kwamba Venisi yote, Mkristo na Myahudi, imeshikwa na fedha, na kwamba kumtenga mtu mmoja kwa jina la mkopeshaji ni kuukubali uongo wa wahusika wenyewe. Mtu anaweza kumpinga, lakini hawezi kumpinga bila kurudi kwenye matini ya Kiingereza na kuisoma upya. Hiyo ndiyo faida.

Katika mwaka wa pili tuliunda kikundi cha watu sita, tukawa tunakutana Jumamosi asubuhi na aya moja tu ya Kiingereza ya kutafsiri. Tulianza na jina la kile kitabu cha simba. Mmoja alipendekeza Mzaliwa Huru. Mwingine, Mmeru aliyelelewa kanisani, ndiye aliyeuliza kwa nini linanukia Biblia, akaenda kutafuta, akarudi na Paulo. Mwenzetu kutoka Lamu alisema kwamba kwake mzaliwa huru ni kinyume cha mtumwa, na kwamba neno huru katika kinywa cha mtu wa pwani lina historia ambayo bara haijui. Saa mbili ziliisha kwa maneno mawili. Nilijifunza Kiingereza zaidi asubuhi hiyo kuliko katika muhula wa orodha za maneno.

Njia nyingine ni kusoma kwa kina katika uwanja mmoja kabla ya kutawanyika. Mwanafunzi anayesoma vijisehemu ishirini vya mada ishirini huanza upya kila mara, kwa kuwa kila mada ina ulimwengu wake. Akisoma vitabu vitano vya mada moja, cha tano humwendea kwa wepesi wa kushangaza. Nilichagua maandishi ya Kiingereza kuhusu kaskazini ya Kenya, kwa sababu nusu ya maarifa nilikuwa nayo.

Huko nilikutana na neno shifta. Ni neno la Kiamhari lenye maana ya jambazi, na serikali ililitumia kwa waliopigana kuanzia mwaka 1963 hadi 1967 wakitaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Mwaka huo wa 1963 aliuawa Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo. Barabara ya Nairobi na wadi ya Isiolo zina jina lake. Katika vitabu vya Kiingereza vita hivyo ni suala la usalama na mpaka. Waborana wa Waso huita kipindi hicho gaaf Daaba, wakati wa kusimamishwa, kwa maana watu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, Garba Tulla na kwingineko, na mifugo isiyoweza kuchungwa ikafa. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kaskazini hadi mwaka 1991. Ninaposoma neno shifta katika aya ya Kiingereza, sina budi kujua linamaanisha nini kwa mwandishi, na papo hapo kukumbuka lilimaanisha nini kwa babu. Yule anayejua la kwanza tu atafaulu mtihani. Anayejua la pili tu ataandika jibu kama lile langu la mbuzi. Wahadhiri wetu wakiuliza maswali mawili badala ya moja, kwanza mwandishi amechukulia nini kuwa kinajulikana, kisha wewe umeleta nini, wataona ni nani hasa darasani aliye na mengi ya kusema.

Njia ya mwisho ni kuyasimulia nyumbani yale tuliyoyasoma, kwa lugha ya nyumbani. Likizo moja nilikwenda Kinna nikamsimulia ami kitabu chote cha Elsa kwa Kiborana. Nililazimika kueleza kila kitu ambacho mwandishi hakukieleza: kwa nini mtu ampe simba jina, kwa nini Wazungu walilia, kwa nini wale wawili wakapelekwa Uholanzi. Aliuliza mbuzi walinunuliwa wapi na kwa bei gani, nami sikuwa na jibu. Nilipofika mwisho aliuliza simba huyo alikufaje. Nikamwambia kwamba alikufa mwaka 1961 kwa maradhi yanayoletwa na kupe, na kwamba kaburi lake limo humo humo mbugani, upande wa pili. Ami alinyamaza kitambo. Akasema maradhi hayo anayajua, yalimmalizia ng'ombe, na kwamba hakupata kufikiri kama simba naye huumwa na kupe. Kisha akaniomba nirudie ile sehemu ya yule mwanamke kuondoka na kumwacha peke yake.